Ringi na Gurudumu katika Makumbusho ya Watoto: Tatizo la Mpangilio wa Kihistoria

Tangu makumbusho ya watoto ya Brooklyn, New York, yafunguliwe mwaka 1899, taasisi za aina hii zimeshikilia kwamba mtoto hujifunza kwa kugusa. Onesho la ringi na magurudumu linalingana vyema na wazo hilo. Hata hivyo, mpangilio uliozoeleka, yaani gogo, mkokoteni, baiskeli, gari na, pembeni kabisa, vitu vya kuchezea, una kasoro ya kihistoria. Unamfanya mtoto kuwa mwigaji wa mtu mzima, na jamii isiyotumia mkokoteni huonekana kuwa imechelewa.

Ushahidi wa kwanza dhidi ya mpangilio huo unatoka Meksiko. Huko Tres Zapotes, jimboni Veracruz, na kwingineko, wanaakiolojia wamefukua sanamu ndogo za wanyama, za udongo na zenye magurudumu, zilizofinyangwa kabla ya kuja kwa Wahispania. Jamii hizo hazikuwa na farasi wala ng'ombe, na mizigo ilibebwa na watu. Wataalamu hubishana iwapo sanamu hizo zilikuwa za kuchezea au za ibada. Lakini kwa vyovyote vile, kitu kidogo hapa hakikuiga kikubwa.

Ushahidi wa pili ni mchoro wa Pieter Bruegel wa mwaka 1560 kuhusu michezo ya watoto, uliohifadhiwa Vienna. Miongoni mwa watoto hao wamo wanaoviringisha ringi zinazofanana na pete za kufungia mapipa. Ringi hiyo haina ekseli, wala haibebi mzigo. Asili yake si mkokoteni, bali chombo cha kuhifadhia vinywaji na vyakula.

Ushahidi wa tatu ni wa Afrika Mashariki. Katika karne ya 19, misafara kati ya pwani na Unyamwezi ilitegemea wapagazi, kwani mbung'o waliua wanyama wa mizigo katika maeneo mengi. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Baiskeli zilipoenea, watoto walichukua ringi zilizokwisha kung'olewa spoku, wakaziendesha kwa kijiti kilichokaa ndani ya mfereji uliokuwa wa tairi. Mtoto hapa hakuiga baiskeli. Aliupa mfereji huo kazi mpya.

Ringi kama hiyo ni nadra kuingia katika mkusanyo wa makumbusho. Hutumika hadi ipinde, kisha hurudi kuwa chuma chakavu. Onesho linalotegemea vitu vilivyokwisha kuhifadhiwa litarithi pengo hilo, na kuwaonesha watoto historia ya vitu vilivyonunuliwa tu.

Kwa hiyo, onesho lifaalo lianze na mteremko. Ringi na kisahani kizima vikiachiwa pamoja, kisahani hutangulia kufika, hata kama uzito na ukubwa wao ni tofauti, kwa sababu uzito wa ringi wote umekaa ukingoni. Baada ya hapo, mifano mitatu iwekwe sambamba, bila ngazi ya maendeleo. Ringi itafutwe kwa fundi baiskeli, na maelezo ya watoto walioiendesha yahifadhiwe pamoja nayo. Bila maelezo hayo, kitakachobaki katika kumbukumbu za makumbusho ni kipande cha baiskeli mbovu.