Parokia iliyozaliwa ndani ya boma: Karema

Msafiri atokaye Ugalla, akapita Mpanda na kuteremka magharibi mpaka Ziwa Tanganyika, hufika Karema, ilipo mojawapo ya parokia kongwe za Kikatoliki katika Tanzania Bara. Historia yake haikuanza na mapadri. Ilianza na mipango ya mfalme aliyekuwa mbali sana na ziwa hilo.

Mwaka 1876 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliitisha mkutano Brussels, na humo ikaundwa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika. Madhumuni yaliyotangazwa yalikuwa utafiti na kupambana na biashara ya watumwa. Ya kweli yalidhihirika baadaye, Leopold alipojitwalia Kongo. Ili wasafiri wake wapate mahali pa kupumzika na kuweka akiba, Jumuiya ilihitaji vituo kati ya pwani na ziwa. Kapteni Ernest Cambier akaanzisha kituo cha Karema Agosti 1879.

Uchukuzi ulikuwa tatizo kubwa kuliko yote, kwa kuwa kila mzigo ulibebwa na wapagazi. Leopold akajaribu tembo. Wanne kutoka India waliteremshwa Msasani mwaka 1879, chini ya Mwairishi Frederick Carter, na mmoja tu ndiye aliyefika Karema, naye akafa. Carter mwenyewe aliuawa Mpimbwe mwaka 1880, katika vita vya Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi. Sijui mpango wa siku zile uliogharimu zaidi na kuzaa kidogo namna hii.

Ziwa nalo liliwageuka wajenzi. Kwa miaka mingi maji yalikuwa yamepanda, kwa sababu Mto Lukuga, unaotoa maji ya ziwa upande wa Kongo, ulikuwa umezibwa na matope na mimea. Kizuizi hicho kilivunjika karibu na mwaka 1878, na maji yakaanza kushuka mwaka hadi mwaka. Boma lililojengwa jirani na ufuko likajikuta mbali na maji, na ardhi tupu ikatanda mbele yake.

Mabadiliko makubwa, hata hivyo, yalitoka Ulaya. Katika Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 Leopold alikubaliwa kuwa mtawala wa Kongo, huku Wajerumani wakidai nchi za mashariki ya ziwa. Karema, iliyokuwa upande huo wa mashariki, haikumfaa tena. Akaitoa kwa Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, ambao walikuwa wamefika Ujiji tangu 1879. Mwaka 1885 mapadri wakaingia ndani ya kuta zilizojengwa kwa ajili ya askari na bidhaa.

Kwa nini watu walikusanyika pale? Wapo wanaosema ni mahubiri, na wapo wanaosema ni hofu. Maelezo ya pili yana nguvu zaidi kwa miaka ya mwanzo. Misafara ya watumwa ilikuwa ikipita pande zote za ziwa, na mtu asiye na ukoo wa kumtetea alihitaji ukuta. Mapadri walikomboa watoto kwa kulipa bidhaa, wakawalea na kuwaozesha, na familia hizo zikawa kiini cha Wakristo wa kwanza. Lakini hofu peke yake haielezi kwa nini watu walibaki biashara hiyo ilipokwisha.

Hapo ndipo anapoingia Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utotoni na kuuzwa katika Sahara. Mapadri Weupe wakamkomboa Algeria, kisha akapelekwa Malta kusomea uganga. Alifika Karema mwaka 1889 akiwa katekista na mganga, akamwoa Agnes Wansahira, na mtoto wao Joseph akawa padri mwaka 1923. Wagonjwa walimfuata kutoka mbali, wakiwemo wasiokuwa Wakristo. Alitibu kwa zaidi ya miaka 60, mpaka alipofariki mwaka 1956. Kwa maoni yangu, yeye aliijenga parokia hii kuliko askofu yeyote.

Maaskofu nao walikuwapo, ingawa wa kwanza hawakukaa. Jean-Baptiste Charbonnier alikufa Karema mwaka 1888, na Léonce Bridoux aliyemfuata akafa mwaka 1890. Adolphe Lechaptois ndiye aliyedumu, kuanzia 1891 mpaka alipofariki Karema mwaka 1917, baada ya kuandika kitabu kuhusu watu wa mwambao huo.

Vikariati ya Tanganyika, yaani eneo la kimisionari lililoongozwa na maaskofu hao, ilipewa jina la Karema mwaka 1946, ikawa jimbo mwaka 1953. Miaka 16 baadaye jina na makao ya jimbo vilihamia Sumbawanga, mji uliokuwa rahisi kufikika kwa barabara, na Karema ikabaki parokia miongoni mwa parokia. Jimbo la Mpanda lilipoundwa mwaka 2000, ndilo lililoipokea.