Chembe za chuma zinavyosaidia kuona saratani ya ini

Mgonjwa anapokwenda kupigwa picha ya MRI, wakati mwingine huchomwa kwanza dawa mshipani ili picha itoke vizuri. Mara nyingi dawa hiyo hutokana na madini ya gadolini. Ipo aina nyingine, iliyotokana na chuma kilichoungana na oksijeni: ndugu wa ile kutu unayoiona kwenye jembe la zamani.

Chembe hizi ni ndogo mno. Hata mamia kadhaa yakipangwa mstari mmoja, ndipo yanafikia unene wa unywele. Zikiachwa tupu hugandamana, kwa hiyo kila moja huvishwa koti, mara nyingi la dekstrani, aina ya sukari iliyoungana kama mnyororo. Koti hilo ndilo pia linaloamua chembe zikae kwenye damu muda gani na ziishie wapi.

Nyingi huishia kwenye ini. Humo mna seli za Kupffer, ambazo kazi yake ni kufagia taka za damu, nazo huzimeza chembe hizo. MRI hufanya kazi kwa sumaku kubwa; palipo na chuma, picha huwa nyeusi. Uvimbe wa saratani kwa kawaida hauna wafagiaji hao, basi unabaki mweupe. Kwa maneno mengine, dawa haiupaki uvimbe rangi, bali inatia giza ini zima lililouzunguka. Ila saratani changa ya ini huweza kuwa bado na seli hizo, ikajificha.

Marekani iliidhinisha dawa ya namna hii, Feridex, mwaka 1996. Baadaye ikaacha kutengenezwa. Ferumoksitoli iliidhinishwa huko mwaka 2009 kwa ajili ya upungufu wa damu kwa wagonjwa wa figo, maana mwili huivunja na kukitumia chuma chake kutengeneza damu. Baadhi ya madaktari huitumia pia kwa picha. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza iwekewe onyo kali, kwa kuwa inaweza kuleta mzio wa kuua.

Kama umewahi kudhurika na dawa ya chuma, mwambie daktari kabla ya sindano. Na kama ulipewa ferumoksitoli ndani ya miezi 3 iliyopita, wajulishe wapiga picha wa MRI, kwa sababu chuma kilichobaki kinaweza kubadilisha picha.