Treni Aliyoiulizia Baba

Baba alikuwa mtu wa reli katika mji wa Kalemie. Siku nilipompigia simu kumwambia kwamba nimefika Matadi na kuvuka daraja la kuning'inia juu ya Mto Kongo, hakuuliza habari za safari.

"Mwanangu, treni inapita?"

"Haipiti, Baba. Ni malori, teksi na pikipiki."

Akanyamaza kitambo. Alijua vizuri kwamba daraja lile lilibuniwa libebe barabara na reli pamoja.

Reli kutoka Kinshasa, iliyojengwa kati ya 1890 na 1898 kwa gharama ya roho nyingi mno, inaishia Matadi, ukingo wa kusini. Miongo mingi baadaye Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati huo, ilitaka bandari ya kina kirefu Banana, pale mto unapoingia baharini, na Banana iko kaskazini. Kwa hiyo treni ilipaswa kuvuka. Japani ikatoa mkopo, kampuni za Kijapani zikaanza kazi mwaka 1979, na Mei 1983 daraja likafunguliwa. Urefu wake ni mita 722. Kati ya minara miwili kuna mita 520 zisizo na nguzo hata moja, na ukisimama pale utaelewa kwa nini: mto umetoka kwenye maporomoko, umebanwa na vilima vya mawe, maji yanajizungusha kwa nguvu ya kutisha, na meli za bandarini lazima zipite chini. Mafundi waliotandaza nyaya juu ya maji yale nawavulia kofia.

Rais Mobutu, aliyekuwa ametoka kupata cheo cha umarshali, alilipa daraja jina la cheo hicho. Alipoondoka, jina nalo likaondoka. Leo ni Daraja la Matadi tu, na kati ya Kinshasa na bahari hakuna jingine juu ya mto huu. Anayetoka Boma kwenda Kinshasa hasubiri tena kivuko. Hilo si dogo. Ila bandari ya Banana ilikwama kwa miaka mingi, reli ya kwenda huko haikutandikwa, na mimi mtoto wa mtu wa reli, kila nikilivuka, naiona ile nafasi ya treni kama kiti cha mgeni aliyealikwa asifike.

Safari ya pili nilikaa zaidi ng'ambo ya kaskazini. Upande huo ndiko Vivi, kilima ambacho mvumbuzi Stanley alikifanya kituo chake mwaka 1879, akimtumikia mfalme wa Ubelgiji. Miongoni mwa watu wake walikuwamo vibarua aliowaleta kutoka Zanzibar. Mawe yalivunjwa kwa nyundo, barabara ikapanda milima kuyakwepa maporomoko. Vitabu vimemtukuza yeye. Mimi nawafikiria wao, wakihesabiana pumzi kwa Kiswahili katika nchi ya Wakongo, mbali kabisa na kwao.

Nikampigia Baba tena. Nikamwambia Waswahili walifika hapa kabla ya reli na kabla ya daraja.

"Walipitisha nini?"

"Meli, Baba. Zilizofunguliwa vipande vipande, wakazikokota juu ya milima mpaka zilipokwenda kuunganishwa na kuelea tena upande wa juu wa maporomoko."

Safari hii alinyamaza muda mrefu zaidi. Kisha akaniuliza magurudumu ya mikokoteni yao yalikuwa ya chuma au ya mti.