Pryor: Mchekeshaji aliyelitupa tusi baada ya kuzuru Kenya

MASHABIKI wa Richard Pryor, mchekeshaji wa Marekani aliyefariki Desemba 10, 2005 kwa mshtuko wa moyo akiwa na umri wa miaka 65, humkumbuka kwa ujasiri wa kuyaanika jukwaani mambo ambayo wengine wangeyaficha.

Alizaliwa mjini Peoria, jimbo la Illinois, na kulelewa na nyanyake aliyemiliki danguro. Ubaguzi wa rangi, dawa za kulevya, hata moto uliomuunguza vibaya mnamo 1980, vyote alivigeuza vichekesho. Mwaka wa 1998 alikuwa wa kwanza kutunukiwa tuzo ya ucheshi ya Mark Twain, ingawa maradhi ya mishipa ya fahamu yalikuwa yamemdhoofisha.

Kwa Wakenya, kumbukumbu yake ina uzito wa pekee. Alizuru Kenya mwaka wa 1979, na aliporejea kwao akaapa kutolitumia tena tusi la kuwadunisha watu weusi, lililokuwa limejaa katika vichekesho vyake na hata kupamba majina ya santuri zake. Katika filamu yake ya 1982, alisimulia jinsi alivyotazama huku na huku asimwone hata mmoja wa kuitwa hivyo.

Wachekeshaji wengi waliofuata nyayo zake hawakumfuata katika hilo.