Ufunguo Unaolinda na Ufunguo Unaoaminiwa

Edgar F. Codd wa IBM, katika makala yake ya mwaka 1970, alitaka kila mstari wa jedwali utambulike kwa ufunguo msingi, yaani thamani isiyojirudia. Mfumo wa hifadhidata wa PostgreSQL hulichukulia sharti hilo kwa ukali. Ukitangaza ufunguo, mfumo hujenga faharasa. Mstari ukija na namba iliyokwisha kutumika, hukataliwa papo hapo, yeyote anayeuingiza.

Maghala ya data ya wingu yameshika njia nyingine. Snowflake, Amazon Redshift na BigQuery hupokea tamko hilohilo, lakini katika majedwali ya kawaida hazilisimamii. Agizo likiingizwa mara mbili, litahesabiwa mara mbili. BigQuery walau humlazimu mtumiaji aandike wazi kwamba ufunguo wake hausimamiwi. Nyingine mbili hunyamaza, na kwa aliyelelewa na PostgreSQL ukimya huo ni mtego.

Si uzembe. Snowflake huhifadhi data katika vipande visivyobadilishwa, kila kimoja cha megabaiti 50 hadi 500 kabla ya kubanwa. Majedwali hayo hayana faharasa ya kuuliza kama namba fulani ipo. Kuhakiki kungedai kupekua vipande vingi huku mamilioni ya mistari yakipakiwa.

Hata hivyo, ukubwa peke yake haujitoshelezi kuwa sababu. Teradata, iliyoanzishwa mwaka 1979, ni ghala pia, na inaweza kusimamia upekee: hashi ya faharasa kuu, yaani namba inayokokotolewa kutokana na thamani yake, ndiyo huamua mstari ukae kwenye kitengo kipi, hivyo nakala mbili hukutana mahali pamoja na kugunduliwa kwa urahisi. Oracle, kwa upande wake, imewaruhusu tangu zamani wenye maghala kuzima ukaguzi na kuutaka mfumo uamini tamko.

Imani hiyo ina faida, maana mfumo ukijua hakuna marudio hupunguza kazi, na pengine huacha kabisa kusoma jedwali lisilohitajika. Tamko la uongo, kwa hiyo, ni baya kuliko kutotamka: katika Redshift, swali la kuondoa marudio linaweza kuyarudisha. Mimi nisingetangaza ufunguo kabla ya kuweka kipimo cha upekee kinachoendeshwa kila baada ya kupakia, kama kile cha zana ya dbt.

Snowflake yenyewe sasa inazihifadhi mila zote mbili. Majedwali yake mseto, yaliyoundwa kwa kazi za mstari mmojammoja, hayakubaliwi bila ufunguo msingi, na humo nakala ya pili hukataliwa.