Kutoa Upepo: Neno Moja la Gereji, Maradhi Matatu ya Injini

Pikapu ya Chevrolet C10 ya mwaka 1970 imetoka kubadilishwa pampu ya maji. Rejeta imejazwa mpaka shingoni, mipira haivuji, feni inazunguka. Baada ya kilomita chache geji ya joto inaruka juu, inashuka, kisha inapanda tena. Wanaotunza magari ya kale huko Marekani wanaijua vizuri hali hiyo. Fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, angeieleza kwa maneno mawili: ina upepo. Tiba yake ni kutoa upepo.

Mwenye kamusi mkononi anaweza kupinga. Upepo, atasema, ni hewa inayovuma. Iliyotulia ndani ya chuma ni hewa tu. Gereji imeshapita hapo zamani. Tairi hujazwa upepo. Breki zinazozama hutolewa upepo. Lori la dizeli lililoishiwa mafuta njiani hutolewa upepo kwa kulegeza nati na kupiga pampu ya mkono mpaka mafuta yatoke bila mapovu. Katika matumizi yote hayo, upepo ni hewa iliyofungiwa mahali, iwe inatakiwa humo au haitakiwi. Waingereza huiita kazi hii kwa kitenzi cha kutoka damu. Wajerumani wana kitenzi chenye maana ya kuondoa hewa. Kiswahili kimeenda njia moja na Wajerumani, na msikilizaji anaelewa mara moja kinachotolewa ni nini.

Kwa nini upepo kidogo uitese injini kubwa ya chuma? Katika injini ya petroli, takriban theluthi moja ya joto la mafuta yanayoungua hubebwa na maji ya kupoza. Maji hupitisha joto zaidi ya mara ishirini kuliko hewa, kwa hiyo sehemu ya silinda hedi iliyoguswa na hewa badala ya maji hupata moto upesi. Hewa nayo, kwa wepesi wake, hupanda na kujificha mahali pa juu kabisa. Katika injini ndogo ya V8 ya Chevrolet, iliyotolewa kwa magari ya modeli ya mwaka 1955, mahali hapo ni chini ya thamostati, mbele ya manifoldi, karibu usawa mmoja na mfuniko wa rejeta. Injini ikiwa baridi, thamostati imefunga. Maji yanapomiminwa, hewa hubaki chini yake kama ndani ya kikombe kilichofudikizwa kwenye beseni.

Hapo mambo huharibika kwa mfululizo. Nta iliyo ndani ya thamostati inangoja maji ya moto, kwa kawaida nyuzi 82 au 91 za Selsiasi, ndipo itanuke na kufungua njia. Inachopata ni hewa, hivyo inachelewa huku hedi ikipata moto. Geji nayo hudanganya: kihisi chake kikizungukwa na hewa husoma joto la chini kuliko lililopo, kisha huruka pale maji ya moto au mvuke unapokifikia.

Kutoa upepo katika mfumo wa maji si sawa na kuutoa kwenye breki. Breki husukumwa kwa pedali na tundu likafunguliwa. Kwenye maji, fundi huiwekea hewa njia ya kupanda, kisha husubiri. Injini ikiwa baridi, magurudumu ya mbele hupigwa jeki au gari huegeshwa likielekea mlimani, ili shingo ya rejeta iwe juu kuliko vyote. Hita hufunguliwa mpaka mwisho, kwa maana mabomba yake nayo huficha hewa. Maji yaliyochanganywa na kulanti humiminwa polepole, injini huwashwa mfuniko ukiwa wazi, na mpira wa juu hubinywabinywa kwa mkono kabla haujapata moto. Thamostati ikifunguka, mpira huo hupata joto ghafla, mapovu hutoka, na maji hushuka rejetani. Huongezwa, kisha mfuniko hufungwa. Gari likishatembea na kupoa kabisa, kimo cha maji hukaguliwa tena. Mafundi wengine hutoboa tundu la milimita 3 pembeni mwa thamostati na kuifunga tundu likiwa juu, ili hewa ipite hata njia kuu ikiwa imefungwa.

Lakini si kila povu ni upepo.

Povu lingine ni mvuke, ambao injini huutengeneza yenyewe. Mwaka 1970 Chevrolet ilitoa V8 ya inchi za ujazo 400, iliyokuja kufungwa pia kwenye pikapu. Silinda zake zilikaribiana hata zikaungana, pasiwe na nafasi ya maji kati yake, kwa hiyo kiwanda kilitoboa vitundu vya mvuke kwenye bloku na kwenye hedi. Anayefunga hedi za injini ya 350 bila kutoboa vitundu hivyo anaufungia mvuke ndani, na atatoa upepo kila siku bila kupona. Mfuniko dhaifu huleta balaa hilohilo. Wenye presha ya paundi 15 huwezesha maji kufika karibu nyuzi 120 bila kuchemka kwenye usawa wa bahari. Ukishindwa kushika presha Nairobi, ambako maji ya wazi huchemka kabla ya nyuzi 96, gari litachemsha hata likiwa limejazwa vizuri.

Povu la tatu ni gesi ya moto inayopenya kutoka kwenye silinda kupitia gasketi ya hedi iliyoungua. Dalili yake ni mapovu yasiyokwisha na mipira inayokakamaa mara tu injini inapowashwa. Hapa hakuna cha kutolewa. Gasketi hubadilishwa, na hedi hupimwa kama imepinda.

Kwa hiyo istilahi ya gereji inafaa kuingia kwenye vitabu vya ufundi kama ilivyo, mradi ipewe mipaka. Kutoa upepo kuwe ni kuondoa hewa iliyobaki wakati wa kujaza maji, kazi inayofanyika mara moja ikaisha. Mvuke uitwe mvuke, kwani unahitaji njia ya kudumu na mfuniko mzima. Gesi ya silinda iitwe gesi, kwani inadai gasketi mpya. Mteja anayeambiwa kwa mara ya tatu mwezi huo kwamba gari lake lina upepo ana haki ya kumwuliza fundi ni lipi kati ya hayo matatu. Na awe nani anayekagua, mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa moto.