Lugha ya Kazi: Amri ya Tokyo ya Mwaka 2010 kwa Macho ya Mtu wa Lurujo

Mimi ni mzaliwa wa Lurujo, upande wa Koboko, katika ile pembe ya Uganda inayopakana na Kongo na Sudan Kusini. Nalitaja hili mwanzoni kwa sababu wenzangu darasani waliposikia kwamba insha yangu ya historia inahusu kampuni ya Kijapani inayouza bidhaa mtandaoni, waliniuliza kama mada za kwetu zimekwisha. Hazijakwisha. Nimeichagua kampuni hiyo, Rakuten, kwa sababu ya jambo moja lililotokea ndani yake mwaka 2010. Mkuu wake aliwaamuru wafanyakazi wake wa Japani, watu 7,100 hivi, waache Kijapani kazini na wafanye shughuli zote kwa Kiingereza. Aliwapa miaka miwili. Watu wa West Nile tumewahi kupewa lugha kwa amri, tena zaidi ya mara moja. Nilitaka kujua hao wenzetu waliipokeaje, na gharama yake aliibeba nani.

Kwanza kampuni yenyewe. Mwanzilishi wake, Hiroshi Mikitani, alikuwa mtu wa benki. Januari 1995 tetemeko la ardhi liliupiga mji wa Kobe na kuua watu zaidi ya 6,000, wakiwemo jamaa zake wa karibu, naye akaamua kuacha benki na kuanza shughuli yake mwenyewe. Mei 1997 alifungua soko la mtandaoni liitwalo Rakuten Ichiba, likiwa na maduka 13 tu. Ichiba ni soko. Rakuten ni hali ya mtu kutazama mambo kwa matumaini. Msomaji asidhani kwamba kampuni ilinunua bidhaa na kuziuza. Ilifanya kama halmashauri yetu inavyofanya katika soko la Koboko: haiuzi nyanya wala samaki, inatoa kibanda na kuchukua ushuru. Ushuru wa Rakuten mwanzoni ulikuwa yeni 50,000 kwa mwezi.

Ila kulikuwa na tofauti kubwa. Mkusanya ushuru wa kwetu hamfundishi mama wa nyanya namna ya kupanga mafungu yake. Rakuten ilibidi ifundishe, kwa kuwa wenye maduka wengi wa wakati ule hawakuwa wamezoea kompyuta, na muuzaji asiyejua kuweka picha na bei mtandaoni angefunga kibanda baada ya miezi miwili. Mwaka 2000 kampuni ilianzisha mafunzo iliyoyaita Chuo Kikuu cha Rakuten. Hakitoi digrii, ni mahali pa kumfundisha mwenye duka ufundi wa kuuza. Nalikumbuka hili kila ninapofikiria ile amri ya 2010, kwa sababu linaonyesha kwamba kampuni ilijua tangu zamani kuwa mtu hawezi kudaiwa ujuzi ambao hajapewa nafasi ya kuupata. Ilijua, kisha kwa muda ikasahau.

Maisha ya kazi ndani yake yalikuwa na utaratibu ambao mtu aliyesoma shule ya msingi Koboko angeutambua haraka. Mara moja kwa wiki kulikuwa na asakai, yaani mkutano wa asubuhi, wa kampuni nzima. Viongozi walisimama wakaeleza hesabu za wiki, nani kapanda na nani kashuka, na mkuu akatoa maelekezo. Baadaye kila mtu alisafisha mahali pake pa kazi, meza na kiti na sakafu iliyo karibu, na mkuu mwenyewe hakuachwa nje. Sisi tulifagia uwanja kabla ya gwaride la asubuhi na kusugua madawati siku ya Ijumaa. Tofauti ni kwamba kwetu mtu akishapata kazi ya ofisini, ufagio anamwachia mwingine, na hiyo inahesabiwa kuwa dalili ya kufaulu. Wajapani huanza kusafisha madarasa yao wakiwa watoto na hawaoni kwa nini waache wakiwa wakubwa. Nakiri kwamba hapa niliwaonea wivu kidogo.

Kila mfanyakazi alivaa kitambulisho chenye jina lake. Kulikuwa na kanuni tano za kampuni. Ya mwisho ni neno moja tu lililorudiwa mara tatu: kasi, kasi, kasi. Nyingine inasema mtu akisie, ajaribu, athibitishe, halafu afanye shikumika, yaani kile kilichofaulu akigeuze kuwa utaratibu ambao wengine wataweza kuufuata hata yeye asipokuwepo. Kulikuwa pia na chakula cha bure. Kampuni ilianzisha hata timu ya besiboli mwaka 2004 katika mji wa Sendai, ambayo ilitwaa ubingwa wa Japani mwaka 2013, miaka miwili baada ya tsunami kuliharibu eneo hilo la Tohoku. Besiboli siijui, kwa hiyo naiacha hapo.

Sasa amri yenyewe. Mwaka 2010 Rakuten ilikuwa ikinunua kampuni za nje, ikiwemo Buy.com ya Marekani na PriceMinister ya Ufaransa. Mikitani aliona kila jambo likichelewa kwa sababu ya tafsiri: barua inakwenda kwa mfasiri, inarudi, inakwenda tena. Basi akaamua Kiingereza kiwe lugha ya kampuni, kuanzia mikutano hadi barua pepe, hata kati ya Mjapani na Mjapani. Maandishi ya kwenye lifti na orodha ya vyakula ya kantini vikageuzwa kuwa vya Kiingereza mara moja. Mtu alifika kula chakula alichokizoea akakuta hajui jina lake. Mkuu wa Honda wa wakati ule alisema hadharani kwamba kuwalazimisha Wajapani wazungumze Kiingereza ndani ya Japani ni upuuzi.

Kipimo kilikuwa mtihani uitwao TOEIC, ambao alama zake za juu kabisa ni 990. Kila cheo kiliwekewa alama zake, na asiyezifikia aliambiwa anaweza kushushwa cheo. Hapo ndipo moyo wa suala hili ulipo kwangu. Mwanzoni kampuni ilidai alama lakini haikutoa muda wala ada. Mtu asome usiku, au kwenye treni, au siku ya mapumziko, na alipie masomo kutoka mfukoni mwake. Oktoba 2010 wastani wa alama za wafanyakazi ulikuwa 526. Walioumia zaidi ni wale wenye miaka mingi kazini, mabingwa wa kazi yao kwa Kijapani, ambao sasa walikaa kimya kwenye mikutano kama wanafunzi wapya, huku vijana waliokwisha kujua Kiingereza wakizungumza.

Baadaye kampuni ilibadili mwenendo. Ililipia masomo, ikaruhusu watu wasome ndani ya saa za kazi, na wasimamizi wakaambiwa kwamba maendeleo ya watu walio chini yao ni jukumu lao pia. Amri ilianza kutumika rasmi Julai 2012, na kufikia 2015 wastani ulikuwa umepita 800. Wanaoisifu Rakuten hupenda kutaja hiyo 800 peke yake. Mimi nasema isomwe pamoja na hatua iliyokuja katikati. Amri iliwatisha watu. Kilichowafundisha ni saa na walimu.

Tsedal Neeley, profesa wa Harvard aliyeifuatilia kampuni hii kwa miaka mitano, aliwagawa wafanyakazi katika makundi matatu. Wajapani walikuwa kama wageni katika lugha: ofisi ni yao, mila ni yao, lakini lugha si yao tena. Wamarekani walishangilia mwanzoni, wakidhani ushindi umewaangukia, kumbe Kiingereza ndicho kilichokuwa mlango wa kuingizia mambo ya Tokyo kwao, yaani vitambulisho, usafi wa meza na taarifa za hesabu zisizokwisha. Wakawa wageni wa mila. Kundi la tatu ni wale ambao lugha haikuwa yao na mila haikuwa yao, kama wafanyakazi wa Thailand, Indonesia, Ujerumani na Brazil. Ungetazamia hao ndio washindwe. Ndio waliozoea kwa urahisi kuliko wote.

Niliposoma hapo nilicheka peke yangu maktabani, kwa sababu hao ni sisi. Mtoto wa Koboko anaongea Kikakwa nyumbani, Kilugbara akishuka Arua, Kinubi kidogo kwa majirani, Kiswahili na Kilingala sokoni, na Kiingereza mbele ya mwalimu. Hakuna chumba anachoingia akidhani kwamba lugha ya humo ni haki yake ya kuzaliwa.

Lakini hatukuzaliwa na uzoefu huo. Eneo letu lilikuwa sehemu ya Lado chini ya Mfalme Leopold, mwaka 1910 likawa chini ya Sudan, na mwaka 1914 likaingizwa Uganda. Serikali ya kikoloni ililigeuza kuwa mahali pa kutafutia vibarua wa mashamba ya kusini na askari wa King's African Rifles. Jeshini lugha ya kazi ilikuwa Kiswahili. Babu yangu mzaa baba aliandikishwa miaka michache kabla ya uhuru wa 1962. Maneno yake mawili ya kwanza ya Kiswahili, alivyotusimulia, yalikuwa "upesi" na "kimya". Hakupewa mwalimu wala kitabu. Aliyechelewa kuelewa alizungushwa uwanja akibeba bunduki juu ya kichwa. Nayafananisha mambo haya kwa tahadhari, maana Mjapani aliyechoka na Kiingereza aliweza kuacha kazi, na babu hakuweza. Hata hivyo mpango ni ule ule wa 2010 kabla haujarekebishwa: lugha ni ya mwajiri, jasho la kujifunza ni la mwajiriwa.

Mwaka 1973 Idi Amin, ambaye watu wa Koboko humhesabu kuwa wa kwao, alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Madarasa hayakuifuata amri hiyo. Kiswahili kikabaki mdomoni mwa askari, na watu wengi wa kusini wakakichukia kwa sababu hiyo. Walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, si kwenye vitabu. Baada ya Amin kuangushwa 1979, maelfu ya watu wetu walikimbilia Zaire na Sudan. Mama yangu alivushwa mpaka akiwa mtoto mdogo, akakulia upande wa Ariwara, akarudi mwaka 1986 na Kiswahili cha huko, kile cha kusema "bintu" badala ya "vitu". Huyu hakuamriwa na mtu. Alijifunza kwa kuuza mafuta ya mawese, na mpaka leo ndiye mwenye Kiswahili chepesi kuliko sisi sote nyumbani, hata kama mimi ndiye ninayetahiniwa.

Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kilipewa nafasi ya lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Kama mwanafunzi wa Kiswahili nilifurahi. Ni mkate wangu. Kisha nikaenda likizo.

Baba yangu mdogo ni mwalimu wa shule ya msingi, ana miaka hamsini na mitatu, na amefundisha hesabu maisha yake yote. Mwanzoni mwa muhula aliambiwa ajiandae kushika vipindi vya Kiswahili kwa kuwa jina lake ni la Kikakwa na watu wa Koboko "wanakijua". Hakupewa kitabu. Hakupunguziwa kipindi hata kimoja cha hesabu. Jioni ile alikuwa ameketi nje na daftari langu la mwaka wa kwanza, amevaa miwani, akinakili jedwali la ngeli kwa mwandiko mzuri wa mwalimu. Alipofika KI-VI akasoma kwa sauti: kitu, vitu. Mama akamsahihisha kutoka jikoni kwamba ni bintu. Wakabishana, nami nikaitwa kuwa hakimu.

Nilipomaliza kuwaamua nikamsimulia habari za Rakuten, za mtihani na wastani wa 526 na cheo cha mtu kushuka. Alisikiliza kimya mpaka mwisho.

"Kijana wangu," akasema, "hao Wajapani walisomea nyumbani usiku, ama kazini?"

Nikamjibu kwamba mwanzoni nyumbani, baadaye kazini.

"Baadaye," akasema, akavuta taa karibu na kurudi kwenye KI-VI.